Kila Kuli na Noti Yake

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Nasema hivyo bila kujisifu, maana kujisifu ni kazi ya mtu asiyejulikana, na mimi ukitaja jina langu kuanzia Kibaigwa mpaka Kondoa hata mtoto atakuonyesha ghala langu liko wapi. Nimeona mtu akiuza lori lisilo lake, na aliyelinunua akalipakia mahindi, akaenda Dar, akarudi na faida kabla mwenye lori hajaamka. Darasa la saba nililimaliza kwa kusukumwa, na leo wenye digrii zao hukaa kwenye benchi nje ya ofisi yangu wakiwa wameshika bahasha magotini, wakingoja nimalize chai. Basi mwezi uliopita nilipokwenda kwenye arobaini ya Mwalimu Shabani pale mjini, nilikwenda kama mtu anayejua kila kitakachosemwa. Dua ikasomwa, pilau ikaliwa, na wanafunzi wa zamani wa marehemu, watu wazima sasa wenye vipara na vitambi, wakaanza kumkumbuka. Mmoja wao ni mhandisi wa umeme. Akafuta mikono, akasema, "Mimi mwanga nilikuwa siuelewi kabisa. Mwalimu akanipa mfano wa makuli na geti la ushuru wa mazao. Siku ile ile nikaelewa. Yule mzee alikuwa na kipaji cha kubuni mifano." Watu wakatikisa vichwa, wakasema Mungu amrehemu. Mimi nikalaza kijiko. Ule mfano ni wangu. Niliutunga mimi, nikiwa nimelala kitandani na viazi machoni, na marehemu alikuwa upande wa pili wa ukuta na chaki mkononi. Sidhani kama aliwahi kusema ni wake. Wanafunzi ndio husahau. Lakini kwa kuwa yeye hayupo tena kunitolea ushahidi, naandika mwenyewe.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimetoka kwetu Usandawe, na habari za kwetu zitakaa kwenye sura nyingine au zisikae kabisa. Nilipanga chumba cha uani kwa Bi Mwanaidi, mjane mwenye nyumba ya zamani mitaa ya nyuma ya soko. Ukoo wake ulifika Dodoma na misafara, enzi za mapagazi, ukabaki hapo hapo, na mpaka leo watu wale wanajihesabu wenyeji wa mji kuliko Wagogo waliowauzia babu zao maji. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, jiko la mafuta ya taa, na magunia ya mahindi yaliyosubiri bei ipande, kiasi kwamba nilikuwa nikivua viatu mlangoni kwa sababu ndani hapakuwa na sehemu ya kuviweka. Nyumba haikuwa na dari. Kuta ziliishia mkono mmoja chini ya bati, na juu yake maneno yalitembea kama paka. Ukikohoa chumba cha kwanza, chumba cha nne wanakuambia pole. Nilijua Bi Mwanaidi anapunguza chumvi kwa ajili ya presha na kisha anairudisha kwa siri. Nilijua ni lini wali wa nazi unapikwa, maana Ijumaa harufu ilipita juu ya ukuta ikanikuta na ugali wangu wa uwele na mlenda, na mara nyingine Mariamu alibisha akaniletea bakuli la mchuzi, akaliweka kwenye gunia la karibu na mlango, akaondoka kabla sijasema asante.

Mariamu alikuwa binti wa nyumba, mdogo wake Mwalimu Shabani. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, akimsaidia mama yake kuchoma vitumbua asubuhi, na jioni alikuwa akisoma vitabu vya kaka yake kwenye kibaraza cha jikoni. Baba yao alikwishafariki, kwa hiyo Shabani ndiye aliyekuwa walii wake, na mtu akitaka kumwoa alilazimika kupitia kwake. Mimi nilitaka kumwoa. Sikuzunguka. Mwezi wa tatu wa kukaa pale nilimtuma mzee mmoja fundi cherehani awe mshenga wangu, akaenda na magunia mawili ya mahindi, lumbesa. Kwa asiyejua lumbesa: ni gunia lililojazwa hadi mdomoni, halafu likavikwa kilemba cha mahindi juu, likashonewa kamba mpaka likawa kama mama mjamzito wa mwezi wa tisa. Pale Kibaigwa ndiyo kazi iliyonilea. Muuzaji akigoma bei, unaongeza kilemba. Dalali akinuna, unaongeza kilemba. Kanuni yangu ya maisha ilikuwa moja tu, na ilikuwa imenitoa kwenye kubeba mizigo hadi kuwa na magunia yangu mwenyewe: kikigoma, ongeza. Mshenga akarudi na jibu. "Wamepokea. Wanashukuru. Wanafikiria." Nikaongeza mbuzi. Wakapokea, wakashukuru, wakafikiria. Nikaongeza mchele wa Shinyanga, vitenge, ndoo ya mafuta ya alizeti. Mtaa mzima ulikula, mpaka watoto wa jirani wakaniita Bwana Lumbesa, na jibu likabaki lile lile.

Kisha jioni moja nikasikia juu ya ukuta. Bi Mwanaidi alikuwa akichambua kunde, nasikia zikidondoka kwenye sinia. "Shabani, yule wa Dar mwenye duka la vipuri anakuja mwenyewe baada ya Idd. Tutamjibu nini? Na huyu wa uani je?" Shabani akasema, "Mtoto mwenyewe hajasema, mama." "Mtoto hasemi. Anaangalia tu." "Basi na tumwangalie anaangalia nini." Mfungo ulikuwa haujaanza, lakini haukuwa mbali. Nikalala chali nikahesabu magunia yangu gizani, nikipanga lipi liende na lipi libaki, na usingizi haukuja upesi.

Sasa Shabani. Alikuwa mwalimu wa fizikia, mwembamba, shati jeupe limepauka kola, mtu wa kuongea polepole kama anayepima kila neno kwenye mzani. Jioni aliwafundisha tuisheni vijana wa kidato cha sita chumbani kwake, ukuta mmoja na mimi. Hivyo ndivyo nilivyosoma kidato cha sita bure, nikiwa nakaanga dagaa. Siku hiyo alikuwa akiwaambia habari ya ajabu. Kwamba ukimulika bamba la chuma fulani kwa mwanga, vipande vidogo vya umeme, elektroni, vinaweza kuruka kutoka kwenye chuma. Lakini ukimulika kwa mwanga mwekundu hairuki hata moja. "Hata uwe mwekundu mkali namna gani?" kijana mmoja akauliza. "Hata uwe mkali namna gani. Na mwanga wa rangi ya mbali, ule uliopita zambarau, hata uwe hafifu kama wa kimulimuli, zinaruka papo hapo." Wakaandika. Mimi sikuvumilia. Nilipaza sauti juu ya ukuta, "Mwalimu, samahani! Huo mwekundu hamjauongeza vya kutosha!"

Vijana wakacheka mpaka benchi likalia. Mariamu akasema kutoka jikoni, "Ni Bwana Lumbesa huyo. Mpeni kilemba."

"Ndugu Athumani," Shabani akasema taratibu, "kwa hiyo unadhani nadanganya?"

"Sidhani unadanganya, mwalimu. Nadhani hujawahi kupakia lori. Kitu chochote kikisukumwa na watu wa kutosha kinatoka."

"Jumamosi njoo uani. Lete mwanga wote unaoweza kuupata."

Alikuwa ameniita kwenye uwanja wangu. Jumamosi alasiri akaweka juu ya stuli kidubwasha alichokitengeneza mwenyewe: chupa ya jamu, kizibo, waya wa shaba umepita katikati ya kizibo, na ndani, mwisho wa waya, kimebandikwa kijani, yaani jani dogo, cha karatasi ya kung'aa, ile ya pakiti ya sigara, alichokibandua mpaka kikawa chembamba kama ngozi ya kitunguu. Juu ya waya aliweka kipande cha bati jipya la kuezekea alichokisugua kwa msasa. Bati, alisema, limepakwa zinki, na zinki ndiyo tunayoitaka. Akachukua bomba la plastiki la maji, akalisugua kwa blanketi la sufu, akaligusisha kwenye bati. Kile kijani ndani ya chupa kikainuka, kikasimama pembeni kama bawa la kuku. "Nimejaza elektroni za ziada. Zinasukumana, ndiyo maana kimesimama. Zikitoka, kitalala." Tukakitazama. Kilisimama tu. Hewa ya Dodoma wakati wa kiangazi ni kavu, haiibi umeme wa mtu, na Shabani alisema pwani jaribio lile lingemtia aibu.

Nilikuwa nimeazima taa nyekundu za nyuma za malori kwa madereva wote walionijua, nimezifunga kwenye ubao na betri mbili za lori chini yake. Nilipoziwasha uani pote pakawa pekundu, Bi Mwanaidi akasema nyumba imekuwa danguro, astaghafirullahi, na kijani hakikutikisika. Nikasogeza ubao karibu. Shabani akagusa bati kwa mgongo wa kidole. "Limepata joto kidogo," akasema. Kijani kimesimama. Nikaweka taa kubwa za mbele, nyeupe. Kimesimama. Nikachukua waya wa umeme wa nyumba, nikaunganisha balbu kubwa, nyingine, nyingine tena, na Mariamu akiwa amesimama mlangoni mwa jiko amefunika mdomo kwa khanga akasema, "Kaka, anapakia," na hapo hapo fyuzi ikalipuka, redio ya jirani ikanyamaza katikati ya taarifa ya habari. Hata hivyo nilikuwa na silaha ya mwisho mfukoni. Sisi wafanyabiashara tulikuwa na vitaa vidogo vya zambarau vya kukagulia noti bandia. Nikakitoa kwa maringo, maana mwenyewe alisema zambarau. Nikamulika. Wote tukainama. Kijani kimesimama. Shabani akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Umekaribia, ndugu yangu. Kwa mara ya kwanza leo umebadilisha aina badala ya wingi. Ila bado ni ndogo."

"Bado ndogo nini?"

"Kesho nitakuonyesha."

Nina malori manne sasa na paneli za sola kwenye bati la kila ghala. Vijana wanaoniuzia huniambia, mzee, pale kwenye joto kali ndiko umeme utakuwa mwingi, na mimi huwaacha wamalize kabla sijawaambia kwamba joto halina kazi hapo, joto linaharibu. Hushangaa mzee wa mahindi kalijulia wapi hilo. Siku hizi jioni nikipita kwenye barabara mpya za mji, taa zinawaka zenyewe bila mtu, zina jicho juu linalohisi mwanga umeondoka, na mimi pekee ndani ya gari ndiye ninayejua jicho lile limeanzia wapi katika maisha yangu. Limeanzia kwenye gereji ya uchochoroni, kwa fundi Yohana wa kuchomelea mageti.

Kesho yake Shabani alibeba chupa yake kifuani kama mtoto mchanga. Tukafika, Yohana akiwa na miwani yake myeusi kichwani, ana geti la msikiti mbele yake. Shabani akaweka stuli hatua kadhaa kutoka kwake, uso wa bati umeelekezwa kwenye kazi, akakijaza kijani kikasimama. "Fundi, choma kidogo tu." Yohana akasema, "Msiangalie huku. Atakayeangalia, usiku atalala na viazi machoni, mimi simo." Akashusha miwani. Cheche ikalia.

Kijani kikalala. Hakikuyumba kwanza wala hakikufikiria. Kililala kama mtu aliyeambiwa mkopo wake umefutwa. Nilitoa sauti ya kwetu, kile kidoko cha ulimi cha Kisandawe ambacho watu wa mjini walikuwa wakinitania nacho, na sikujali nani kasikia. Nikamwambia arudie. Akajaza tena, Yohana akachoma tena, kikalala tena. Kisha Shabani akatoa kwenye mfuko kioo cha dirisha, akakisimamisha kati ya cheche na bati. "Unaona mwanga bado unapita?" Niliona, bati lilikuwa linang'aa vile vile. Lakini kijani kilisimama imara, na cheche inalia. Akaondoa kioo. Kikalala. "Kioo kinapitisha mwanga wote unaoujua wewe," Shabani akasema. "Kinazuia ule usioonekana tu. Kumbe taa zako zote za jana, pamoja na zile za lori, zilikuwa na wingi wa kitu kisichofaa. Na usiniulize jua. Jua lenyewe linao, ila anga inauchuja huko juu karibu wote, la sivyo tungeungua."

Mimi nilikuwa sisikii vizuri. Nilikuwa nataka kumwona anayesukuma. Kwa hiyo mara ya nne, wao wote walipogeuza uso, mimi nikaiangalia cheche.

Usiku macho yakajaa mchanga. Si mchanga, lakini ndivyo maumivu yale yanavyokuja, kila kope ikishuka ni kama imeshushwa juu ya kokoto. Asubuhi sikuweza kuufungua mlango. Bi Mwanaidi akaja, akasema, "Mwanangu, ulidhani fundi anatania?" akaamuru viazi vikatwe vyembamba viwekwe machoni, na nikakaa siku mbili chali katikati ya magunia, giza tupu, mimi na masikio yangu. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kwa mara ya kwanza bila kuongeza kitu. Kile cheche ilichokuwa nacho, ambacho hakikulalisha kijani tu bali kilinichoma na mimi, taa zangu zote hazikuwa nacho. Kwa nini wingi ushindwe? Wingi haujawahi kunishinda. Pale Kibaigwa wingi unashindwa wapi? Nikapita soko zima akilini, mizani, bambo la kuchomea gunia kuona mahindi ya ndani, makuli, malori, mpaka nikafika barabarani kwenye geti la ushuru, nikasimama hapo.

Jioni ya pili vijana wakaja kwa tuisheni, na nikasikia Shabani anarudia. Mwanga haumwagiki kama maji, akasema, unakuja kwa vipande vipande, kila kipande kinaitwa fotoni, na ukubwa wa kipande unategemea rangi. Vijana wakaandika. Lakini mwandiko wa mtu asiyeelewa una sauti yake, unakwaruza haraka mno. Mmoja akasema, "Mwalimu, lakini fotoni nyekundu zikiwa milioni, si zitachanga?" Shabani akaandika kanuni ubaoni, nasikia chaki. Nikajiinua kitandani, viazi vikadondoka.

"Hazichangi!" nikapaza sauti juu ya ukuta. "Mwalimu, niruhusu."

"Sema, ndugu Athumani."

"Sikilizeni nyie vijana. Makuli wako ndani ya soko, wanataka kutoka. Getini kuna ushuru wa elfu moja, na mwenye geti ni mkali, kila mtu anajilipia. Sasa watu wanawarushia noti kutoka nje. Ila makuli wa soko hili wana tabia moja: kila kuli anadaka noti moja, na hajui kuweka akiba. Akidaka mia tano, haimtoshi getini, basi anainywea chai hapo hapo, imekwisha. Rusha mia tano milioni nzima, makuli watakunywa chai, watatoka jasho, soko litapata joto. Hatoki mtu. Sasa arushe mtu mmoja noti moja ya elfu tano. Kuli atakayeidaka anakwenda getini, analipa elfu moja, anatoka. Tena anatoka na chenji elfu nne mfukoni, na mwenye chenji anakimbia!"

Kisha kijana yule yule akasema polepole, "Kwa hiyo nyekundu ni mia tano."

"Nyekundu ni mia tano. Na kitaa changu cha noti bandia ni kama mia tisa, kimekaribia lakini geti halijui kukaribia."

"Na mtu akirusha elfu tano nyingi?"

"Wanatoka makuli wengi. Lakini kila mmoja chenji yake ni ile ile elfu nne. Hakuna anayetoka tajiri zaidi kwa sababu noti zilikuwa nyingi."

Nikasikia chaki imeanguka sakafuni. Shabani hakuiokota mara moja. "Chenji," akasema, kama mtu anayejisemea. "Ushuru ni wa chuma chenyewe, noti ni rangi, na mwendo ni chenji." Halafu akasema kwa sauti ya darasani, "Andikeni kama alivyosema jirani." Na vijana wakaandika, na safari hii kalamu zilikwenda polepole. Aliyeuliza habari ya kuchanga ndiye yule mhandisi wa kwenye arobaini. Kwa hiyo mjue. Wapo walimu waliosomea chuo kikuu miaka minne hawajapata mfano kama ule, na mimi niliupata siku mbili nikiwa kipofu.

Vijana walipoondoka, Mariamu akaja na sahani ya viazi vipya. Mama yake akavuta kigoda akakaa mlangoni, kama heshima inavyotaka. Nikalala tena, Mariamu akaniwekea kiazi jicho la kulia.

"Mfano mzuri," akasema. "Umeutunga mwenyewe?"

"Nani mwingine ana akili hizo mtaa huu?"

Akaweka cha kushoto, kwa nguvu kidogo. "Na wewe mwenyewe ni noti gani?"

"Mimi? Mimi ni elfu kumi."

"Wewe ni taa nyekundu, Athumani. Kila wiki gunia, mbuzi, gunia, ndoo. Tunakunywa chai tu humu ndani. Jasho linatutoka."

Bi Mwanaidi akakohoa, lakini kikohozi kile kilikuwa na kicheko ndani yake. Mimi nilikuwa na viazi machoni, simwoni, sina cha kumwonyesha wala cha kuongeza. Magunia yote yalikuwa yamenizunguka na hakuna hata moja lililofaa. Nikafanya kitu ambacho katika biashara sijawahi kukifanya kabla ya bei kutajwa. Nikamuuliza.

"Geti lako linataka nini?"

Nilisikia sahani ikiwekwa juu ya gunia. "Nimeitwa chuo cha uuguzi Mvumi. Miaka mitatu, na kukaa huko huko. Yule wa Dar amemwambia mama mke wake hatasoma, atakaa dukani. Wewe hujawahi kusema kitu, maana hujawahi kuuliza."

Hapa nataka msomaji anielewe. Mtu wa darasa la saba akimwoa wa kidato cha nne, watu husema. Akimpeleka akasome zaidi, arudi na kofia nyeupe na lugha za hospitali, watu hawasemi tena, wanacheka wazi, na soko la Kibaigwa linajua kucheka. Na miaka mitatu ni miaka mitatu ya mlenda wangu mwenyewe. Lumbesa ningeweza kutoa kumi bila kufikiri, maana lumbesa inapunguza ghala tu. Hili lilikuwa linanipunguza mimi. Nililala pale, sikumbuki muda gani, nikisikia Bi Mwanaidi akizungusha tasbihi, na Mariamu hakuondoka.

"Utakuwa unarudi Jumamosi?" nikamuuliza.

"Nikipata nauli."

"Basi nenda. Mimi ni nani wa kumzuia mtu kwenda Mvumi."

Alinibadilishia kiazi cha kulia, ambacho kilikuwa bado kibichi kabisa, hakikuhitaji kubadilishwa.

Mfungo ukaingia, ukatoka. Sikupeleka hata debe, na mshenga wangu akadhani nimefilisika, akaanza kunikwepa. Kila jioni bakuli la futari lilipita mlangoni kwangu, tambi, mihogo, uji wa pilipili manga, na safari hizi aliyelileta alisubiri asante. Yule wa Dar alikuja baada ya Idd kwa gari lake, akakaa barazani muda wa kikombe kimoja, nikasikia juu ya ukuta Shabani akimwambia kwa adabu kwamba mtoto amesema. Hakusema amesema nini. Mgeni akaondoka, na Shabani akaja kwenye mlango wangu, akavua viatu kando ya vyangu, akaingia kwa ubavu kati ya magunia. "Ndugu Athumani," akasema, "umebadilisha aina." Hayo tu.

Nikahi ikawa mwezi ule ule wa Idd, mfungo mosi, asubuhi, kwenye ukumbi wa Bi Mwanaidi. Nilikuwa nimeuza magunia yote ya chumbani, nimekuja na fedha kwenye begi la safari, maana tabia ya mtu haifi kwa kiazi. Kwa desturi ya dini mahari ni ya bibi harusi, na ni yeye anayeitaja. Shehe akaenda na mashahidi wawili hadi mlango wa chumba cha ndani, akauliza kwa sauti sote tuisikie, "Binti Mariamu, mahari yako ni kitu gani?" Watu wakaliangalia begi langu. Akajibu bila kusitasita, kama mtu aliyekwisha piga hesabu zamani: ada ya mwaka wa kwanza, sare mbili, viatu vyeupe, godoro la chuoni, na nauli ya kwenda na kurudi Jumamosi hadi muhula uishe. Shehe akasema, "Mwanangu, taja kwa shilingi, niandike." Akataja. Shehe akageuka akaniuliza kama nimeridhia, na mimi nikafungua begi, nikahesabu polepole mbele za watu, nikafunga zipu juu ya zote zilizobaki. Mahari yake: shilingi laki moja, themanini na sita elfu, mia nne na hamsini.